Sauti Iliyomrudia Mwalimu

Ernesta wa Makere alijigamba maisha yake yote kwamba kuanzia Kasulu hadi Kibondo hakuna anayemfikia kwa uongo. Alijigamba kisimani, alijigamba sokoni, na siku moja alijigamba hata mbele ya mchungaji. Halafu, kabla mtu hajamjibu, aliongeza mwenyewe: "Kasoro yangu ni moja tu. Hakuna aliyewahi kuniamini."

Na kweli hakuna. Alipowaambia wanawake wenzake kwamba kuku wake hatagi Jumapili kwa kuwa ameokoka, walicheka mpaka maji yakawamwagikia mabegani. Uongo wa Ernesta ulikuwa kama chumvi. Haushibishi mtu, lakini ukikosekana watu wanaulizana mboga imekuwaje. Ndiyo maana siku aliposema uongo ukaaminiwa na wote, bila hata mtoto mdogo kucheka, aliogopa yeye mwenyewe. Uongo huo ulihusu kufa kwa mwanawe.

Mwanawe huyo, Cleophas, alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Kibondo. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mama, na wanafunzi wake wa kidato cha nne wa kila mwaka. Mwisho wa juma alipanda basi kuja Makere na sukari na mche wa sabuni, akakaa jikoni juu ya kinu kilicholazwa, na huku mama yake akimenya muhogo alimhadithia aliyofundisha. Ernesta aliishia darasa la nne, lakini masikio yake hayakuishia huko.

Habari aliyoipenda kuliko zote ni ya yule Mwingereza Darwin. Kijana huyo alipelekwa shule asomee uchungaji, akaona bora apande meli. Alizunguka dunia akiokota mifupa, ndege na konokono, akarudi kwao na wazo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka: kwamba viumbe hawakuumbwa kila mmoja kivyake jinsi tunavyowaona leo, bali hubadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi, wenye kufaa mahali wakibaki na kuzaa, wasiofaa wakiisha. Akaogopa kulisema. Alikaa nalo miaka na miaka, akafuga njiwa, akawauliza wafugaji wanapataje mbegu mpya, huku akiogopa watu wa kanisa na maneno ya majirani. Mwishowe mwenzake mmoja, Wallace, aliyekuwa akitetemeka kwa homa katika visiwa vya mbali, akalipata wazo lilelile na kumwandikia. Hapo Darwin akaona aseme, asije akaonekana ameiba.

"Kwa homa?" aliuliza Ernesta. "Basi mimi kwa homa nilizougua ningekuwa nimegundua mambo ya kujaza lori."

Cleophas alimwambia kwamba hata homa zake zina ushahidi ndani. Klorokwini, dawa ya malaria aliyoimeza ujanani, ilikuwa inaponya. Leo haifui dafu, kwa sababu vijidudu vilivyobaki ni watoto wa vile vilivyoshindikana kuuawa. Ernesta alitema mate pembeni akasema kwamba vijidudu hivyo vinafanana na ukoo wa shemeji zake.

Lakini kipande kilichomfanya asimamishe kisu kilikuwa cha mke. Mke wa Darwin alikuwa mcha Mungu, akampenda mumewe, na hofu yake kubwa ilikuwa moja: kwamba wakishakufa hawatakuwa pamoja. Alimwandikia hivyo. Mumewe hakuwa na jibu; aliyatunza maneno yale na kuyalilia.

"Hakumjibu kitu?"

"Angemjibu nini, Mama? Angemdanganya?"

"Ndiyo," alisema Ernesta. "Angemdanganya. Uongo uliumbwa wa nini?"

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mumewe, marehemu Venanti, alikuwa mzee wa kanisa, na amelala katika makaburi ya kanisa pale mlimani, chini ya mikaratusi. Alipokuwa hai aliwahi kuwapeleka wote wawili akawaonyesha kwa fimbo: hapa mimi, hapa mama yako, hapa wewe. Alionyesha kama mtu anayegawa vitanda kwa wageni. Tangu hapo Ernesta hakuogopa kufa. Aliogopa tu mmoja wao kukosa kitanda chake.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mzazi mmoja. Mtoto wake alirudi nyumbani akasema mwalimu amefundisha kwamba mtu na sokwe wana babu mmoja wa zamani sana. Mzazi alisikia "nyani", akapeleka "nyani" kwa Mchungaji Godson, na kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa na "nyani" mdomoni. Mchungaji Godson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa Munanila, mwenye sauti nzuri, aliyelala njaa ili awasomeshe wadogo zake. Ila aliamini kwamba ukitoa tofali moja chini ya Mwanzo sura ya kwanza, nyumba yote hadi Ufunuo inaporomoka na watu wake ndani.

Walimwita Cleophas mbele ya wazee. Hawakumkataza kufundisha, maana mtihani wa taifa unauliza; walitaka tu, kila akimaliza somo, awaambie watoto kwamba hayo ni uongo. Cleophas alijibu kwamba sokwe si babu, ni binamu, na kwamba Mungu aliyeumba kwa muda mrefu hapungukiwi kitu kuliko aliyeumba kwa haraka. Wazee wakasema hawakumwita kwa mahubiri. Akaambiwa achague. Akasema hawezi kuwafundisha watoto jambo kwa mkono wa kulia na kulifuta kwa wa kushoto. Jumapili iliyofuata jina lake lilitangazwa madhabahuni: ametengwa.

Kutengwa pale Makere si maneno. Aliyetengwa hashiriki meza ya Bwana, akifiwa haimbiwi, na akifa hazikwi mlimani. Waumini hawachimbi, hawabebi. Mlango wa kurudi ulikuwa mmoja: atubu kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya mashahidi wawili.

Watoto wa jirani walianza kumwita Ernesta "Mama Nyani". Aliwaitikia. Alisema nyani wake angalau huleta sukari, wao binadamu wa kwao wanaleta nini. Watu wakacheka, na aliporudi ndani alikaa na giza la nyumba.

Jumapili moja Mchungaji alihubiri kwamba hata huyo Darwin mwenyewe, kitandani pa mauti, alilia na kutubu. Alisema, laiti ningefumba mdomo wangu, nimewapotosha wengi. Mama mmoja mcha Mungu alikuwa kando yake akasikia yote. Ernesta alimpelekea mwanawe habari hiyo kama mtu anayemletea mgonjwa supu. Cleophas alicheka mpaka akakohoa. Wakati huo kikohozi kile bado walidhani ni vumbi la chaki.

"Mama, hadithi hiyo ilikuja miaka mingi baada ya kifo chake, na watoto wake walikataa. Binti yake alikuwapo pale kitandani. Huyo mama hakuwapo. Ndivyo watu walivyo. Ukishakufa kila mtu anakutia maneno mdomoni."

"Wewe ukitangulia," alisema Ernesta, "mimi nitakutia ugali."

Walicheka wote wawili. Mungu naye sijui kama alicheka.

Kikohozi hakikuwa vumbi. Walimpeleka Mwanza, wakamkuta na uvimbe kooni uliokwisha kuota mizizi, na madaktari wakasema kwa upole kwamba wamechelewa. Akarudishwa Kasulu, kwenye wodi ya wanaume, ametobolewa shingo na kuwekewa kipira cha kupumulia. Sauti ikawa imekwisha. Mtu aliyewahi kuwanyamazisha vijana arobaini kwa neno moja, sasa aliomba maji kwa kidole.

Kitanda cha pili alilala mzee Mulenda, Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mkewe Therese alimuuguza. Ernesta na Therese wakawa wapishi wa jiko moja. Huyu akikoroga uji, yule anafua. Huyu akisinzia, yule anafukuza nzi kwenye vitanda vyote viwili. Therese alikuwa mlokole wa kweli, wa kusali akipuliza moto, lakini hakuwahi kumuuliza Ernesta mwanawe anasali wapi.

Hakuna mzee wa kanisa la Makere aliyefika, aliyetengwa hatembelewi. Alipita tu mwinjilisti mmoja wa mjini, asiyemjua mtu, anayezunguka wodini kitanda kwa kitanda. Alisimama kando ya Cleophas, akauliza ni nani, akaambiwa ni mwalimu wa baiolojia, akatikisa kichwa. Akamuuliza kama anatubu kwa ajili ya yale anayowafundisha watoto. Cleophas alimtazama kwa macho ya upole. Akatikisa kichwa taratibu, kulia na kushoto, kisha akaushika mkono wa mama yake. Mwinjilisti akahamia kitanda kingine.

Siku zilizobaki Ernesta alimpa mwanawe dawa moja tu aliyokuwa nayo: uongo. Alimsimulia habari za kuku aliyeokoka, za shemeji waliokula sabuni wakidhani ni jibini. Cleophas alipocheka hapakutoka sauti. Kicheko kilipita shingoni kwenye kipira kikapiga mluzi mwembamba, fiii. Therese naye alicheka, akijifuta macho kwa kitenge. Mchana mmoja wa jua kali Ernesta alimaliza hadithi ya kuku akangoja mluzi. Mluzi haukuja. Alirudia mwisho wa hadithi, labda hakusikia vizuri. Therese ndiye aliyenyoosha mkono na kuyafumba yale macho.

Jioni ileile gari la kambi lilimchukua Mulenda na mkewe. Wanawake hao wawili waliagana kama watu wasiotarajia kuonana tena, maana mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakitolewi kwa ajili ya kumsalimia mtu.

Mchungaji Godson alifika nyumbani kwa Ernesta kesho yake, na wazee wawili nyuma yake. Walikaa kwenye benchi. Walitoa pole, na pole yao ilikuwa ya kweli. Kisha Mchungaji akaitazama mikono yake. Ernesta aliyajua yatakayofuata: ng'ambo ya korongo kuna kipande wanapozikwa wasio na watu, alipozikwa pia bwana mmoja aliyejinyonga. Shamba la Ernesta mwenyewe lilikuwa bondeni, kwenye tope. Ukichimba kaburi pale, maji yanaingia kabla ya jeneza. Na nani angechimba?

"Mama Cleophas," Mchungaji alianza, "unajua mwenyewe alivyokuwa na kanisa."

"Najua. Ndiyo maana nina habari," alisema Ernesta. Hakujua kama ana habari mpaka alipojisikia akisema. "Alitubu."

Wazee wakainua vichwa.

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Koo lilikuwa limemfunga, lakini mwishoni sauti ilimrudia, kama koroboi inavyowaka sana inapotaka kuzimika."

"Alisema nini?"

Hapo alikwama kidogo. Uongo wa kuku unajiendea wenyewe, lakini huu ulitaka maneno, na maneno ya toba hakuwa nayo. Akachukua yaliyokuwa karibu. "Alisema, laiti ningefumba mdomo wangu. Nimewapotosha wengi."

Alimtazama Mchungaji akitegemea kwamba atatambua mahubiri yake mwenyewe. Wapi. Maneno ya mtu yakimrudia huyapokea kama wageni wa heshima. Macho ya Mchungaji Godson yalijaa machozi, na Ernesta aliona kwamba kijana huyu hakuwa amelala vizuri tangu siku ile ya madhabahuni.

"Na shahidi wa pili?"

"Mama Therese. Mkongo wa kitanda cha jirani. Amerudi Nyarugusu."

Mzee mmoja alinong'ona kwamba huyo kumpata ni kazi, kibali chake kitatoka lini. Mchungaji akasema Mungu anamjua. Wakasimama, wakaomba, wakamshika mkono. Ernesta alingoja mmoja wao aangue kicheko, kama watu wote walivyoangua miaka yote. Walikwenda kutafuta majembe.

Msiba ulikuwa mkubwa. Kwaya iliimba, akina mama wa kanisa walipika, na vijana walichimba udongo mwekundu kando ya Venanti, pale palepale fimbo ilipoonyesha. Kutoka Kibondo lilikuja lori la wanafunzi wenye sare, wakiongozwa na binti wa kidato cha nne, Winnie. Ernesta alitazama shimo, akaona lina nafasi ya kutosha, akapumua.

Halafu Mchungaji akahubiri, na uongo wa Ernesta ulianza kukua mbele ya macho yake. Alipoukabidhi ulikuwa kifaranga; sasa ulikuwa na mabawa. Mwalimu, alisema Mchungaji, aliita jina la Bwana mara nyingi. Mwalimu alilia kwa ajili ya wanafunzi wake. Akawageukia wenye sare, akawaambia kwa sauti yake nzuri kwamba ombi la mwisho la mwalimu wao ni kwamba wayasahau yote aliyowafundisha kuhusu asili ya viumbe. Mzee Venanti, alisema, anafurahi kule aliko. Watu wakasema amina.

Wanafunzi hawakusema amina. Winnie alikuja akapiga magoti mbele ya mkeka wa Ernesta, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, alisema kweli kwamba alitudanganya?"

Ernesta aliliona jeneza limelazwa juu ya miti miwili, juu ya shimo. Aliwaona wanaume wameshika kamba. Alikumbuka ugali aliomwahidi mwanawe.

"Alisema," akajibu.

Binti yule aliinama, akarudi kwa wenzake bila kulia. Ernesta angependelea alie. Katika uongo wote wa maisha yake hakuna uliowahi kumnyang'anya mtu kitu. Huu ulikuwa umekwisha kumnyang'anya Winnie mwalimu, na Cleophas mdomo wake. Lakini kitanda kilikuwa kimepatikana. Dakika chache tu, udongo unaingia, basi.

Ndipo akamwona mwanamke anapanda mlima kwa kupitia mihogoni, si barabarani, viatu mkononi, kitenge kimejaa miiba ya michongoma. Kibali huzuia miguu ya watu wengine, si ya Therese. Habari za msiba zilifika kambini na wanawake wauza ndizi, naye akatoka kwa njia za panya, akijua kwamba polisi wakimkuta atalala ndani. Alikuja kumzika mtoto wa jirani yake. Akamkumbatia Ernesta, ananuka jasho na moshi, akalia kwa sauti.

Mtu alimnong'oneza Mchungaji ni nani. Uso wa Mchungaji ukang'aa.

"Ndugu zangu, Mungu hashindwi. Huyu ndiye shahidi wa pili. Mama, simama hapa, waambie watu ulichosikia."

Ernesta alimfinya mkono. Alimkonyeza jicho moja, halafu jingine. Angemwambia neno kwa Kiha, lakini Therese alikuwa mtu wa Fizi kule Kongo, Kiha hakijui, na Kiswahili wangesikia wote. Therese alimpuliza jichoni kwa upole, akidhani ni vumbi la kaburi. Kisha akasimama kando ya jeneza, akajifunga kitenge vizuri.

"Miye sikusikia neno, Pasta," alisema. "Mwalimu hakukuwa tena na sauti. Walimutia mupira huku ku shingo, pumzi ilikuwa inapitia pale. Mama akimuchekesha, ilikuwa inalia tu, fiii. Mpaka mwisho."

Mchungaji bado alikuwa anatabasamu, kama mtu anayemsaidia mgeni kutafuta neno. "Lakini alitubu, mama. Alitubu, ukasikia."

"Kutubu?" Therese aliwaza. Alikuwa mtu wa kusali, hakutaka kuacha kitu. "Kuna mwinjilisti alipita. Alimuuliza kama anatubu juu ya masomo yake. Mwalimu alifanya hivi." Akatikisa kichwa taratibu, kulia na kushoto, sawasawa na vile alivyotikisa Cleophas mwenyewe. "Kisha akashika mkono ya mama yake. Alikufa muzuri, Pasta. Miye nimeona watu wengi wamekufa; vile muzuri, sijaona."

Aliketi, akidhani amewafariji.

Mzee mmoja aliinua mkono, na wanaume walioshika kamba wakazilegeza, jeneza likabaki palepale juu ya miti. Upande wa wenye sare Winnie aliinua uso. Mchungaji Godson aligeuka polepole, na sauti yake nzuri ilikuwa imemwacha.

"Mama Cleophas. Ulituambia sauti ilimrudia."

Mlima wote ulimtazama. Ernesta aliutafuta mzaha alikokuwa akiutunza siku zote, akamkuta kuku aliyeokoka, akawakuta shemeji na sabuni, hakuna hata mmoja aliyekubali kutoka. Kando yake Therese alianza kuelewa, akaweka kiganja mdomoni, akiwa amechelewa.

"Ilimrudia," alisema Ernesta.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwamini.